Gari la Kunusa

Ukitaka kujua dereva wa Tanzania alijifunzia wapi kubana mafuta, usianzie kwenye bei ya kituoni. Anzia Zambia. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wao kule Rhodesia, na kabla mwaka haujaisha mafuta ya Zambia, yaliyokuwa yakipitia huko huko Rhodesia, yalikuwa yamekatwa. Nchi ya Kaunda ilikuwa na shaba ya kuuzia dunia nzima, lakini petroli ya kumfikisha mchimbaji mgodini haikuwepo. Ndege za Uingereza, Marekani na Kanada zikabeba mafuta kwa mapipa, jambo ambalo fundi yeyote akilisikia anatikisa kichwa, maana katika vyombo vyote vyenye injini ndege ndiyo mlevi mkubwa. Kazi ya kudumu ikaangukia malori, na malori yalitokea Dar es Salaam.

Njia ilikuwa Morogoro, Mikumi, Iringa, Mbeya, Tunduma, halafu Zambia yenyewe: kama kilomita 1,900 mpaka Lusaka. Sehemu kubwa ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa shule Ilala, lakini waliopita njia ile ndio waliokuja kuniletea magari yao gereji, na hesabu yao nimeipiga mara nyingi. Pipa moja ni lita 200. Lori la tani saba linabeba mapipa kama 40, yaani lita 8,000 hivi. Barabara ya namna ile, lori lile likikupa kilomita tatu kwa lita unamshukuru Mungu. Kwenda na kurudi ni kilomita 3,800. Maana yake lori lilichoma zaidi ya lita 1,200 ili kufikisha lita 8,000, karibu lita moja kwa kila sita zilizopakiwa. Kurudi lilibeba shaba, kwa hiyo halikuja tupu. Lakini dereva aliyeketi juu ya mzigo wa mafuta huku akiyachoma njiani alikuwa na kila sababu ya kufikiri juu ya mguu wake wa kulia.

Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likakamilika, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na mafuta yakaacha kupanda malori kwa wingi ule. Madereva walibaki. Shaba na bidhaa nyingine ziliendelea kusafiri kwa barabara, kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services ilikuwa na misururu ya Fiat iliyojulikana njia nzima, na lami ikawa inasogea kipande kwa kipande kuelekea kusini. Kizazi kile ndicho kilichowafundisha utingo wao, na utingo wakaja kuwa madereva.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wengi huliona aibu kuliandika. Dereva wa lori hakubana mafuta kwa kulionea huruma taifa. Alibana kwa sababu yalikuwa mshahara wake wa pili. Ofisi, iwe ya serikali, ya shirika au ya tajiri, ilimpa mafuta ya safari kwa kipimo: kilomita kadhaa, lita kadhaa. Akifika na lita zimebaki tangini, zile zilikuwa zake. Mpira, dumu na mdomo wa kunyonyea vilitosha. Kando ya barabara ya Morogoro palikuwa na watu waliojulikana kwa kununua, na lori likipunguza mwendo sehemu ambayo haina duka wala kituo, hukuhitaji kuuliza. Mafuta yaliyobanwa yalisomesha watoto wengi. Wengine walibana kwa ujanja, wengine kwa kuandika uongo kwenye kitabu cha safari, na mabosi hawakuweza kuwatofautisha. Lakini yule wa ujanja alikuwa mtaalamu kweli. Aliondoka alfajiri wakati hewa imepoa na njia ni nyeupe. Alipanda mlima kwa gia aliyoichagua mapema, hakungoja injini ianze kulia ndipo atafute nyingine. Aliona kona kutoka mbali akaachia mafuta, akafika pale bila kugusa breki, kwa sababu alijua kila anapokanyaga breki anatupa mafuta aliyokwisha kuyalipia. Hiyo ndiyo elimu yote ya kuendesha gari kwa mafuta machache. Semina za siku hizi zinairudia ile ile, ila kwa picha za ukutani na chai ya saa nne.

Kisha kulikuwa na Kitonga.

Asiyepajua, Kitonga ni mlima ulioko kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, mkoa wa Iringa. Barabara inajikunja pembeni mwa jabali, upande mmoja ukuta wa mawe na upande mwingine bonde. Lori linalotoka Zambia linauteremka likiwa limejaa, na shaba mgongoni haina utani. Madereva wengi walikuwa wakifika kileleni wanatia nyutro, wengine wanazima injini kabisa, wanaliachia. Waliita kupumzisha gari. Kilomita zile za mteremko zilikuwa chakula cha jioni.

Je, walipata walichokitafuta? Kwa gari dogo la petroli lenye kabureta, kwenye mteremko mwepesi, ndiyo, kidogo. Kabureta haina akili. Ukiteremka ukiwa kwenye gia na mguu umeuondoa kwenye resi, injini inazungushwa na magurudumu kwa kasi, inavuta hewa kwa nguvu, na mvuto ule unaendelea kunyonya petroli kupitia jeti ya sailensa. Ukitia nyutro injini inashuka mzunguko, inavuta kidogo. Ukizima, haivuti kitu. Kwa lori la dizeli hesabu ni nyingine kabisa. Pampu ya dizeli, hata zile za zamani za chuma kitupu, inakata mafuta yenyewe lori linapoteremka kwenye gia na mguu uko juu. Dereva wa Fiat aliyetia nyutro Kitonga aliiondolea injini kazi ya kushikilia mzigo, kazi ambayo ingeifanya bure, akaziachia breki peke yake. Kasi aliyoipata pale hakuweza kuitumia, kwa sababu mbele kulikuwa na kona. Akairudisha kwa breki mpaka ngoma zikanuka. Na kama amezima injini, kompresa haizunguki, kila pigo la breki linapunguza upepo ulioko kwenye tangi, na tangi likiisha hakuna wa kumwomba. Sitahesabu magari yaliyolala kule bondeni. Nasema tu kwamba katika ujuzi wote wa madereva wale, huu ndio uliokuwa mbovu tangu siku ya kwanza, na ndio uliorithiwa kwa bidii kuliko yote.

Wakati lami inafika Mbeya bei nayo ikapanda. Mwanzoni mwa Oktoba 1973 pipa la mafuta ghafi lilikuwa kama dola 3. Vita ya Waarabu na Israeli ikazuka mwezi huo, na kufikia Januari 1974 bei ilikuwa imevuka dola 11. Tanzania ilikuwa na kiwanda chake cha kusafisha mafuta, TIPER, pale Kigamboni, lakini kiwanda hakizai mafuta, kinasafisha uliyonunua. Mwalimu Nyerere alikuwa na mazoea ya kupima hasara za namna hii kwa mkonge: tani ngapi zilitosha kununua trekta zamani, na tani ngapi zinatakiwa leo. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Watu wanakumbuka ndege na treni. Mafundi wanakumbuka vipuri, kwa sababu Nairobi ndiko vilikotoka vingi. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera, malori yakachukuliwa kwenda vitani, na kabla vita haijatulia mapinduzi ya Iran yakaanza kuisukuma bei ya mafuta, ambayo baadaye ilivuka dola 30 kwa pipa.

Hapo ndipo uhaba ulipomfikia mtu mwenye kigari chake kimoja. Mikoani mafuta yakawa ya kibali. Dar es Salaam foleni za vituoni zililala usiku kucha, mtu na mto wake garini. Miaka ya mwanzo ya themanini Jumapili ikifika saa nane mchana gari la binafsi halikuruhusiwa barabarani, na mgeni wa chakula cha mchana alikula huku anatazama saa. Wenye magari walijifunza kuyasukuma. Wengine walichanganya petroli na mafuta ya taa. Injini ikawa inagonga kama mtu anapasua kokoto ndani yake, na mwishowe walikuja kwetu na pistoni iliyotoboka.

Kwetu ni mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Niliingia pale mwaka 1975 kama spana boi, kazi yangu kuosha vyuma kwa petroli (ilipokuwepo) na kutumwa chai. Fundi aliyenipokea alikuwa Kalasinga mmoja, mtu wa maneno machache na kilemba chenye madoa ya grisi, ambaye baadaye aliondoka kwenda Uingereza kama wenzake wengi. Somo lake la kwanza halikuwa spana. Lilikuwa plagi. Alizifungua zote nne za Peugeot 404, akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda, akaniambia nizisome. Plagi yenye masizi meusi makavu inasema gari linakula kupita kiasi: kabureta inamwaga, au choki imeganda, au hewa klina imeziba vumbi. Nyeupe kama imeungua inasema linanyimwa, na injini itachemka. Yenye hudhurungi isiyokolea, mwache mwenye gari aende zake. Moja nyeusi na tatu nzuri, tafuta kosa la silinda ile, usiguse kabureta.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo lililotofautisha gereji na gereji katika miaka ile. Mwenye gari alikuja akisema, “Fundi, gari linakunywa mno, lifanye linuse.” Fundi wa haraka alichukua bisibisi akabana skrubu ya kabureta. Gari lilinusa kweli kwa wiki moja, likipanda mlima linakohoa, halafu valvu zikaungua. Fundi wa plagi alianza mbali. Alitazama platini, kwa sababu platini iliyolika inachelewesha moto, na moto ukichelewa petroli inaunguzwa kwenye eksozi badala ya kusukuma pistoni. Hatukuwa na vipimo vya kutosha. Nafasi ya platini ilipimwa kwa kipande cha msumeno wa chuma ambacho unene wake tuliujua, au kwa karatasi ngumu ya pakiti ya sigara iliyokunjwa. Platini mpya hazikuwepo madukani, kwa hiyo ya zamani ilisuguliwa kwa msasa mpaka ikawa haina nyama. Jeti zilizibuliwa kwa unywele wa waya wa baiskeli, na ole wako ukizipanua.

Baada ya moto, magurudumu. Yule Kalasinga alikuwa na desturi ambayo mpaka leo nawafundisha vijana: gari likirudi kutoka kujaribiwa, unapita unagusa rimu zote nne kwa kiganja. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki yake inakamata, na mwenye gari anaburuza mguu mmoja bila kujua. Unaweza kuitengeneza kabureta mpaka kesho, gari lile halitanusa. Upepo wa matairi ulikuwa hadithi hiyo hiyo. Matairi yalikuwa adimu ingawa Arusha kulikuwa na kiwanda, na watu waliokuwa na tairi lililotiwa viraka waliogopa kulijaza, wakatembea na upepo nusu. Tairi laini linajikunja kila linapozunguka, na nguvu ya kulikunja inatoka tangini. Na keria! Familia ilifunga keria juu ya gari kwa safari moja ya Krismasi kwenda Moshi, ikabaki pale mpaka Krismasi nyingine, inapigana na upepo mwaka mzima kwa mafuta ya kibali.

Upo ugonjwa mmoja, hata hivyo, ambao sisi mafundi ndio tuliouleta, na sioni umeandikwa popote. Nazungumzia thamostati. Ni valvu ndogo yenye nta ndani yake, inakaa kwenye njia ya maji ya injini. Maji yakiwa baridi inafunga, ili injini ipate moto haraka. Yakifika kama nyuzi 80 na kitu nta inayeyuka, inavimba, njia inafunguka na maji yanakwenda kwenye rejeta. Katika miaka ile rejeta nyingi zilikuwa zimeziba, kwa sababu watu walijaza maji ya visima vya Dar yenye chumvi, na rejeta mpya ulikuwa huipati. Gari likichemka, fundi alitafuta kitu cha kutoa ili maji yapite bila kizuizi, na kitu kilichotoka kirahisi kilikuwa thamostati. Na kweli, gari liliacha kuchemka. Siwalaumu waliofanya hivyo. Ukiwa na Land Rover ya mradi inayotakiwa kufika Kilombero kesho, na rejeta haipo nchi nzima, unatoa. Lakini injini isiyopata moto wake inakula: oili inabaki nzito, petroli haigeuki mvuke vizuri, sehemu yake inateleza kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili, na ringi zinalika kabla ya wakati. Tulinunua safari ya kesho kwa ovaholi ya mwakani. Ilikuwa biashara ya uhaba, na wakati ule tuliijua bei yake.

Mwaka 1983 mpaka wa Kenya ukafunguliwa. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa kazitoa wapi, na vipuri vikarudi madukani kama mvua iliyochelewa. Miaka ya tisini bandari ikaanza kutapika magari yaliyotumika Japani. Kabureta ikaondoka kimya kimya. Mahali pake pakaja nozeli, senso na kompyuta ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi, na kazi yote niliyofundishwa ya kusikiliza, kubana na kulegeza ikawa inafanywa na kile kikasha, mara nyingi kwa sekunde, bila chai wala malipo.

Kompyuta ile ilibadilisha hesabu ya mteremko. Ukiteremka kwenye gia na mguu uko juu, inaona magurudumu yanazungusha injini, inafunga nozeli zote: petroli sifuri. Ukitia nyutro inalazimika kufungua tena ili injini isizimike. Kwa hiyo kile kidogo ambacho gari la kabureta lilikipata kwenye nyutro sasa ni hasara tupu, juu ya hatari. Hata hivyo panda gari dogo la abiria leo kutoka Mafinga kwenda Iringa, ukifika kwenye mteremko utamwona kijana aliyezaliwa baada ya kabureta kufa akisukuma gia katikati kwa fahari. Ukimuuliza atakwambia anabana mafuta. Amefundishwa na mjomba, aliyefundishwa na dereva wa Fiat.

Na thamostati nayo bado inatupwa. Rejeta zipo sasa, maji ya rejeta yenye rangi yanauzwa mpaka kwenye vituo vya mafuta, lakini gari likichemka kidogo tu, kijana wa gereji anafungua, anatoa, anatupa, anasema kifaa hiki ni cha nchi za baridi. Kwenye gari la kompyuta dhambi hii ni kubwa kuliko zamani. Senso ya joto inamwambia mkubwa wake kwamba injini bado baridi, naye anaongeza petroli, kilomita baada ya kilomita, kama mtu aliyeacha choki imevutwa kutoka Dar mpaka Dodoma. Mwenye gari analalamika kwamba Toyota yake inakunywa. Anabadilishiwa plagi, anasafishiwa nozeli, anauziwa chupa ya dawa ya kumimina tangini. Hakuna anayeuliza sindano ya joto inasimama wapi. Isipofika katikati baada ya mwendo wa dakika kumi hivi, jibu lile pale mbele ya macho yake.

Siku hizi EWURA inatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na jioni yake kila mtu ana njia yake ya kubana mafuta. Wengine wamehamia gesi ya Songo Songo na wanapanga foleni kama tulivyopanga sisi. Vizuri. Kwa wanaobaki na petroli, mimi naomba mambo mawili tu. Kitonga na milima yote, teremka na gia. Na fundi atakapokwambia kifaa fulani hakina kazi, kikitolewa ndiyo salama, mwambie akueleze kwanza kilikuwa kinafanya nini. Akishindwa, lichukue gari lako uende gereji nyingine.